Skafoidi isiyounga: kwa nini skaneri kabla ya operesheni, na kwa nini ya mikono yote miwili?

Swali: "Docta, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina miaka 29, ninaishi Katuba hapa Lubumbashi. Mwaka jana niliteleza na pikipiki nikaangukia kiganja cha mkono wa kushoto. Radio (picha ya eksirei) ya siku ile haikuonyesha kitu, nikapewa vidonge vya maumivu, kisha nyumbani wakanipeleka kwa mzee anayekanda mifupa. Maumivu hayakuisha, hasa nikishika nyundo au nikijiinua kutoka kitini. Sasa, baada ya miezi 14, radio nyingine imeonyesha kwamba mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, skafoidi, umekatika katikati na haukuunga. Daktari wa upasuaji anataka skaneri (CT), tena ya mikono yote miwili, na amesema huenda akaomba IRM (MRI, picha za sumaku). Kama radio imekwisha kuonyesha ugonjwa, skaneri ni ya nini? Na mkono wa kulia, ambao haujawahi kuumia, unapigwa kwa nini? Naogopa kumaliza fedha kwenye picha nikakosa ya operesheni."

Jibu: Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki, na sitaijibu kwa kukuambia tu umwamini daktari. Radio uliyo nayo imekwisha kufanya kazi yake: imesema kwamba mfupa umekatika na haukuunga. Skaneri haiombwi ili kulirudia neno hilo, bali ili kupima. Daktari wako anahitaji kujua mfupa umepinda kiasi gani, umepungua urefu kiasi gani, kipande cha ndani, kile cha upande wa kigasha, kina ukubwa gani, na kama viungo vinavyouzunguka vimeanza kulika au bado ni vizima. Kila jibu kati ya hayo hubadilisha operesheni yenyewe, yaani upande wa kupasua, ukubwa wa mfupa wa kupandikiza, urefu wa skrubu, na mara nyingine hata uamuzi wa kuacha kuunga na kufanya operesheni ya aina nyingine kabisa. Mkono wa kulia nao unapigwa kwa sababu ndio shahidi pekee aliyebaki wa umbo la skafoidi yako ya kushoto kabla hujaanguka.

Ili uone kwa nini vipimo hivyo vina uzito, ni lazima niseme kidogo juu ya mfupa wenyewe. Skafoidi iko upande wa kidole gumba, chini ya kile kishimo kinachojitokeza unapokinyanyua kidole hicho. Urefu wake ni takriban sentimita 2.5 tu, lakini inagusana na mifupa mitano na inavuka safu zote mbili za mifupa midogo ya kifundo, ikizifanya zitembee pamoja. Karibu asilimia 80 ya uso wake imefunikwa na gegedu, kwa hiyo mishipa ya damu ina mahali pachache pa kuingilia. Mshipa mkuu huingia kwa upande wa mgongo wa mkono, karibu na kiuno cha mfupa, yaani katikati yake, kisha damu hurudi nyuma kuelekea kigasha. Watafiti Gelberman na Menon walionyesha mwaka 1980 kwamba njia hiyo hulisha asilimia 70 hadi 80 ya mfupa, pamoja na ncha yote ya ndani, ile iliyo upande wa kigasha. Mfupa ukikatika kiunoni, ncha hiyo inaweza kubaki na damu haba au kuikosa kabisa.

Usimlaumu sana aliyesoma radio ya kwanza, kwani ufa wa skafoidi mara nyingi hauonekani siku ile ile ya kuanguka. Mgonjwa mwenye maumivu katika kishimo hicho baada ya kuangukia kiganja alipaswa kufungwa plasta na kuitwa tena baada ya siku 10 hadi 14 kwa picha nyingine. Kuhusu kukandwa, wazee wetu wanaounga mifupa wana ujuzi wao, lakini skafoidi imejificha kati ya mifupa mingine na haishikiki kwa vidole kutoka nje. Kuikanda ni kuitikisa tu.

Vipande viwili vya skafoidi iliyokatika havitulii mahali pamoja vikisubiri kuungwa. Kipande cha nje, kile cha upande wa vidole, kikisukumwa na nguvu ya kidole gumba kila unaposhika kitu, huinama kuelekea kiganja. Kipande cha ndani kimefungwa kwa kano na mfupa wa jirani uitwao lunati, nacho hufuata lunati na kulala kuelekea mgongo wa mkono. Kingo za ufa upande wa kiganja husagika mwezi baada ya mwezi, hata pengo lenye umbo la kabari hutokea, na mfupa mzima hupata kibiongo, ukiwa mfupi upande wa kiganja na umebinuka upande wa mgongo. Daktari akiufunga kwa skrubu katika hali hiyo bila kuunyoosha, unaweza kuunga vizuri kabisa huku umepinda, na mkono ukabaki bila uwezo wa kukunjika vizuri kuelekea nyuma, mwendo ule ule unaoutumia kujiinua kutoka kitini. Amadio na wenzake walichunguza mwaka 1989 skafoidi zilizoungana zikiwa zimepinda, wakakuta kwamba pembe ya ndani ya mfupa, yaani kiasi ulivyopinda, ilipozidi nyuzi 45 matokeo mazuri yalikuwa machache na artrosi, yaani kulika kwa kiungo, ilikuwa nyingi zaidi kuliko kwa wale waliokuwa chini ya nyuzi 35. Kwa hiyo kuunga hakutoshi. Inafaa kuunga katika umbo lake.

Kibiongo hicho ndicho radio isichokiona vizuri. Skafoidi imelala mshazari ndani ya kifundo, na kivuli chake huangukiana na vivuli vya mifupa mingine saba midogo; mkono ukigeuzwa kidogo tu wakati wa kupiga picha, pembe unayoipima hubadilika. Radio nzuri ya ubavuni bado ina faida kubwa, kwa kuwa inaonyesha kama lunati imeegemea nyuma: pembe kati yake na mfupa wa kigasha ikizidi nyuzi 15 hivi, tunajua kwamba kifundo chote kimeyumba, wala si skafoidi peke yake. Lakini radio haitakuambia kabari iliyokosekana ina milimita ngapi.

Skaneri huukata mfupa huo kwa picha nyembamba, za unene wa milimita 1 au chini yake, kisha kompyuta huzipanga upya kwa mwelekeo wowote unaotakiwa. Hapa pana jambo ambalo hata sisi madaktari hulisahau tunapoandika karatasi ya ombi: picha zinapaswa kupangwa kufuata mhimili mrefu wa skafoidi yenyewe, si mhimili wa kigasha. Sanders alieleza njia hiyo mwaka 1988, na sababu yake ni rahisi. Picha zilizopangwa kufuata kigasha huikata skafoidi kwa upande, na kibiongo kikaonekana kidogo au kikubwa kuliko kilivyo. Nimeona skaneri zilizolipiwa kwa shida na ambazo mgonjwa alikuja nazo zikiwa filamu mbili zilizochapwa, picha nene, mwelekeo usiofaa, tena pasipo CD ya kuzipanga upya. Fedha hizo zilikuwa zimepotea. Kwa hiyo kabla ya kulipa, hakikisha kwamba karatasi ya daktari imetaja picha nyembamba, kifundo cha mkono peke yake, mpangilio wa kufuata skafoidi, na CD yenye picha zote. Kwa kawaida utalazwa kifudifudi, mkono umenyooshwa mbele kupita kichwa, ili miale isipite kifuani wala tumboni. Miale inayoufikia mwili katika mlalo huo ni michache, na kwa umri wako haipaswi kukutia hofu. Kama umefungwa plasta, si lazima ivuliwe.

Picha zikipangwa vizuri, daktari hupima. Wapo wanaoitegemea pembe ya ndani niliyoitaja, lakini wapimaji wawili wanaweza kuitolea namba mbili tofauti, maana mistari yake huchorwa juu ya nyuso zilizopinda. Mimi huamini zaidi uwiano wa kimo cha mfupa kwa urefu wake, ambao hurudiwa kwa tofauti ndogo: ukizidi takriban 0.65, mfupa umeporomoka. Baada ya hapo hupimwa pengo lenyewe, upana wake upande wa kiganja na upande wa mgongo, na kina cha vishimo vilivyolika ndani ya vipande vyote viwili, kwa sababu mfupa uliokufa kwenye kingo ni lazima ukwanguliwe, na ukishakwanguliwa pengo huwa kubwa kuliko lilivyoonekana kwenye picha. Wewe mwenyewe hukati kipande cha chuma cha kuziba pengo la lango kabla hujalipima pengo. Daktari anayechukua mfupa kwenye ukingo wa nyonga yako yuko katika hali hiyo hiyo, ila yeye hana bamba lingine la akiba.

Sasa mkono wa kulia. Skafoidi za watu hutofautiana sana kwa urefu na kwa mpindo, hivi kwamba wastani wa vitabuni hausemi lolote la hakika juu yako. Skafoidi ya kulia na ya kushoto ya mtu mmoja, kinyume chake, kwa kawaida hufanana karibu kabisa. Daktari huchukua picha ya kulia, huigeuza kama katika kioo, kisha huiweka juu ya ile ya kushoto. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kipande kilichopotea. Kama wewe ungekuwa umewahi kuumia mkono wa kulia utotoni, ingekubidi umwambie, kwa maana hapo kipimo kingekuwa na dosari tangu mwanzo. Mikono yote miwili inaweza kupigwa katika mlalo mmoja, kwa hiyo uliza mapema kama utalipishwa mara moja au mara mbili, na kama ni mara mbili, mwombe daktari wako azungumze na watu wa radiolojia.

Wazo hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1984 Fernandez, aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, alieleza jinsi ya kupanga pandikizi la kabari kwa kuchora juu ya karatasi inayopitisha mwanga: alinakili skafoidi nzima kutoka radio ya mkono usioumia, akachora vipande vya ile iliyovunjika ndani ya umbo hilo, kisha akapima pengo lililobaki. Nakutajia jambo hilo kwa sababu ya fedha zako. Endapo skaneri ya mikono miwili itakushinda kabisa, skaneri ya mkono wa kushoto pamoja na radio nzuri za mkono wa kulia, zilizopigwa kwa mielekeo ile ile na kipimo cha ukubwa kilichowekwa kwenye picha, bado humpa daktari makini mpango wa kuingia nao chumba cha operesheni. Ni pungufu, lakini si kubahatisha. Kuingia bila picha yoyote ya mkono usioumia, na kukadiria kabari kwa jicho wakati mkono umeshafunguliwa, ndiko nisikokushauri.

Huenda umesikia pia kwamba siku hizi mifupa huchapwa kwa plastiki kutoka kwenye skaneri, ili daktari aishike mkononi na kujaribu kabari kabla ya operesheni, na kwamba vipo hata vielekezi vya kukatia vinavyochapwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Ni kazi nzuri, na kwa mfupa uliopinda pande tatu au uliokwisha kufanyiwa operesheni ikashindikana ina msaada wa kweli. Kwa mfupa uliokatika kiunoni na ambao haujawahi kuguswa, kama wako, sioni sababu ya mtu kuuza pikipiki yake avuke mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa kuitafuta.

IRM ina swali lake moja: kipande cha ndani kina uhai? Skaneri hutoa dokezo tu; ncha iliyo nyeupe na nzito kuliko mifupa jirani hutia shaka, lakini haithibitishi. IRM huona mafuta ya uboho ndani ya mfupa, na yakitoweka katika picha shaka huzidi. Baadhi ya wataalamu huongeza dawa ya gadolini ili kuona damu inavyofika, na wenyewe hawajakubaliana kama dawa hiyo inaongeza uhakika. Hukumu ya mwisho hutolewa mezani, pale daktari anapoulegeza mkanda unaozuia damu na kutazama kama matone madogo mekundu yanatoka kwenye mfupa uliokwanguliwa. Kwa sababu hiyo, kwa mfupa uliokatika kiunoni, mimi nisingeanza na IRM, wala nisingeahirisha operesheni kwa kuisubiri. Ungekuwa umekatika kwenye ncha ya ndani kabisa, au skaneri ikionyesha ncha inayovunjikavunjika, ningeibadilisha kauli hiyo, kwa kuwa jibu lake lingeweza kutupeleka kwenye pandikizi linalohamishwa pamoja na mshipa wake wa damu, kama lile la mfupa wa kigasha lililoelezwa na Zaidemberg wa Argentina mwaka 1991. Na operesheni ya namna hiyo huhitaji mkono uliozoea, ambao haupatikani kila hospitali.

Skaneri ina jibu moja zaidi ambalo wagonjwa hawalitarajii: kama bado inafaa kuunga. Skafoidi ikiachwa, kifundo hulika kwa mpangilio unaojulikana, kwanza kati ya skafoidi na ncha ya mfupa wa kigasha upande wa gumba, kisha kuelekea katikati ya kifundo, hali sehemu ya lunati na kigasha ikisalimika kwa muda mrefu. Katika uchunguzi wa Mack na wenzake wa 1984, wagonjwa ambao madhara yao yalikuwa bado ndani ya skafoidi peke yake walikuwa wamekaa na mvunjiko kwa wastani wa miaka 8, waliokwisha kulika upande wa kigasha miaka 17, na wenye kulika kifundo kizima karibu miaka 32. Wewe una miezi 14, kwa hiyo natarajia viungo vyako viwe vizima au viwe vimeguswa kidogo kwenye ncha ya kigasha, ambayo inaweza kuchongwa katika operesheni hiyo hiyo. Lakini sijaziona picha zako, na kama ungekuta kulika kumefika katikati, kuunga skafoidi kusingeondoa maumivu. Ndipo daktari angezungumza nawe juu ya kuondoa baadhi ya mifupa midogo au kuigandisha baadhi, jambo ambalo ni heri mtu alijue akiwa kitini kuliko alisikie baada ya kuamka.

Siku ya operesheni, namba zote hizo hutumika. Kibiongo humwambia daktari apasue upande wa kiganja, ambako pengo liko; kipande cha ndani kikiwa kidogo sana humpeleka upande wa mgongo. Kama lunati imeegemea nyuma, huirudisha kwanza na kuishikilia kwa pini dhidi ya mfupa wa kigasha, halafu ndipo hufungua pengo la skafoidi na kuweka kabari ya mfupa wa nyonga kwa vipimo vilivyopangwa. Skrubu isiyo na kichwa, ya aina ambayo Herbert wa Australia aliieleza mwaka 1984, hupitishwa katikati ya mfupa. Urefu wake hupatikana kwa kupima mhimili kwenye skaneri na kupunguza milimita 4 hivi, ili ncha zake zote mbili zizame chini ya gegedu. Skrubu ndefu kwa milimita 2 tu hutoboa na kusaga kiungo ambacho operesheni ilikuja kukiokoa. Kupanga mapema kuna faida nyingine katika mji wetu: skrubu za urefu wote hazipatikani kabatini kila siku, na mwenye namba yake mkononi huweza kuiagiza kabla hujalazwa.

Kwa mpangilio wa fedha, basi, ningeanza na radio safi za mikono yote miwili, kisha skaneri yenye masharti niliyoyataja, na IRM ingebaki kando mpaka skaneri iseme kwamba inahitajika. Uende na radio zako zote, hata ile ya kwanza iliyosemwa haina kitu, kwa kuwa kulinganisha picha za tarehe tofauti humwonyesha daktari mfupa umeporomoka kwa kasi gani. Kama unavuta sigara, acha sasa, wala usisubiri tarehe ya operesheni, kwani tumbaku hupunguza uwezekano wa pandikizi kuunga, na hakuna picha inayoweza kulirekebisha hilo.

Weka akiba pia ya skaneri moja takriban miezi mitatu baada ya operesheni, ya mkono wa kushoto peke yake. Mwaka 1988 Dias na wenzake walionyesha kwamba madaktari waliosoma radio zile zile za wiki 12 hawakukubaliana kama skafoidi imeunga, hivyo radio peke yake haitoshi kukuruhusu kurudi kwenye karakana. Picha hiyo nayo ipangwe kufuata skrubu, ili chuma kisifunike mfupa. Madaraja ya mfupa mpya yakivuka zaidi ya nusu ya upana wa ufa, mazoezi ya kukunja na kushika vitu vyepesi yanaweza kuanza. Nyundo na mashine ya kukatia chuma, inayotetemesha kifundo kuliko kazi yako nyingine yoyote, visubiri mpaka daktari aridhike kwamba mfupa umeunga imara.